Mfereji si ukale: upotevu wa maji unategemea muda yanaokaa kila kona ya shamba

Tangu bajeti ya kilimo ipandishwe kutoka Sh bilioni 294 hadi Sh bilioni 954 katika mwaka wa fedha 2022/23, umwagiliaji umekuwa gumzo hapa Tabora na kwa majirani zetu wa Kigoma. Mabwawa, skimu, visima, pampu za sola, kila mtu ana habari yake. Lakini ukisikiliza kwa makini, uwe Igunga mjini au sokoni Ujiji, utakuta jambo moja linasemwa kana kwamba limekwisha thibitishwa: kumwagilia kwa mfereji ni mambo ya kizamani, na anayetaka kusonga mbele sharti anunue mabomba ya matone, yale yanayodondosha maji kidogo kidogo kwenye mmea. Wengi hukata tamaa hapo hapo kwa sababu fedha ya mabomba hawana. Wanabaki na mfereji wao kama walivyourithi, wakiamini hauna cha kuboreshwa.

Imani hiyo inatugharimu sana. Mpunga wa Mwamapuli kule Igunga, mpunga wa bonde la Luiche karibu na Ujiji, vitunguu na nyanya za kando ya malambo, vyote vinategemea maji yanayotembea juu ya ardhi, na vitaendelea kuyategemea kwa miaka mingi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Tabora hupata wastani wa milimita 900 hivi kwa mwaka, na baada ya hapo ni miezi ya kiangazi kikavu. Maji yaliyomo bwawani mwezi Mei ndiyo hayo hayo ya kufikia Oktoba. Namna yanavyosambaa ndani ya shamba ni suala linalostahili kueleweka na kila anayeshika jembe.

Tuanze na maana. Katika makala haya, umwagiliaji wa kutiririsha ni ule ambao maji huingizwa upande mmoja wa shamba, kisha yanatembea yenyewe kwa mteremko wa ardhi mpaka upande wa pili, huku udongo ukiyanywa njiani. Hakuna bomba lenye shinikizo wala kinyunyizio. Ardhi yenyewe ndiyo inayosafirisha na kugawa maji.

Una sura tatu. Ya kwanza ni jaruba: kipande kilichosawazishwa na kuzungushiwa tuta ili maji yasimame ndani yake, kama tunavyolima mpunga. Ya pili ni mifereji midogo kati ya matuta, ambapo maji hupita chini na mmea hukaa juu ya tuta. Hii hufaa mahindi, nyanya, kabichi na vitunguu. Ya tatu ni vipande virefu vyenye mteremko mdogo na matuta pembeni, maji yanashuka yakiwa yametandaa, na hutumika zaidi kwa malisho na nafaka zinazopandwa kwa kumwaga mbegu. Hiyo ya tatu hapa kwetu ni nadra, kwa hiyo siikalii.

Jambo jingine la kutenganisha mapema ni skimu na shamba. Skimu ni bwawa au banio (kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini), mfereji mkuu, mifereji ya matawi na malango ya kugawia. Shamba ni pale maji yanapovuka tuta lako na kuingia kwenye mimea. Habari za magazetini karibu zote ni za skimu, na picha za uzinduzi huwa za banio na zege. Ndiyo maana watu huamini kuwa mfereji ukishajengewa kwa zege, kazi imekwisha.

Tupige hesabu. Makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, yanasema mfereji wa udongo tifutifu wenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 hufikisha takriban asilimia 70 ya maji yaliyoingia, na uliojengewa vizuri hufikisha asilimia 95. Shirika hilo linakadiria kwamba ndani ya shamba linalomwagiliwa kwa kutiririsha, asilimia 60 tu ya maji yaliyofika ndiyo hukaa pale mizizi inapoweza kuyachukua. Zidisha 70 kwa 60, unapata asilimia 42. Ukijengea mfereji na kuliacha shamba lilivyo, unafika asilimia 57. Sasa geuza: acha mfereji wa udongo ulivyo, lakini boresha shamba mpaka asilimia 80, kiwango kinachofikiwa na wanaosawazisha vizuri na kufunga maji kwa wakati. Unapata asilimia 56. Kazi ya jembe, kamba na ubao ndani ya shamba inakaribia kulingana na kazi ya zege ya kilomita mbili na zaidi. Ukifanya vyote viwili ni asilimia 76. Sisemi zege lisijengwe. Nasema nusu ya faida iko mikononi mwa mkulima mwenyewe na haihitaji mkandarasi.

Yanakopotelea

Ukiuliza maji ya shambani yanapotelea wapi, wengi watakujibu kuwa jua linayameza. Jua la Septemba na Oktoba Tabora ni kali kweli, lakini hata siku za joto sana ardhi iliyolowa na mimea yake hupoteza angani milimita 5 hadi 7 hivi kwa siku nzima. Katika saa nne za kumwagilia, jua haliwezi kuchukua zaidi ya milimita mbili tatu. Kumwagilia usiku kunasaidia kidogo, lakini si hapo penye upotevu mkubwa.

Njia kubwa za upotevu ni mbili. Moja inaonekana kwa macho: maji yanafika mwisho wa shamba na kutoka nje, yanaingia barabarani au kwa jirani. Ya pili haionekani, na ndiyo mbaya zaidi: maji yanashuka chini kupita mizizi. Mkulima anaona udongo umelowa na moyo wake unatulia, kumbe nusu ya alichomwaga kiko kina ambacho kitunguu hakitakifikia kamwe, na mbolea ya urea imekwenda nacho. Majani yanapogeuka manjano, anadhani maji yamepungua, anaongeza mengine.

Kwa nini maji yashuke kupita mizizi hali mkulima ameyaangalia muda wote? Jibu la swali hili ndilo ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

Fikiria shughuli ya harusi ambayo chakula kinaanza kupakuliwa upande wa jikoni, sinia moja baada ya jingine, mpaka kiwafikie wageni wa mwisho kule getini. Kanuni ni kwamba hakuna anayeacha kula mpaka wa mwisho naye ashibe. Waliokaa karibu na jikoni watakuwa wameanza mapema na wanaendelea kuongezewa. Kadiri mhudumu anavyokwenda polepole, ndivyo wa mbele wanavyovimbiwa wakati wa mwisho bado wananawa mikono. Shamba la kutiririsha liko hivyo hivyo. Udongo ulio karibu na mlango wa maji huanza kunywa dakika ya kwanza. Ule wa mwisho husubiri mpaka maji yafike.

Tuseme udongo wako ni tifutifu na unahitaji kukaa na maji saa nne ili unyevu ufike kwenye mizizi. Maji yakichukua saa nne kufika mwisho wa mfereji mdogo, kisha yakahitaji saa nne nyingine kukaa hapo mwisho, udongo wa mwanzoni utakuwa umenywa saa nane, mara mbili ya haja yake. Lakini yakifika mwisho kwa saa moja tu, udongo wa mwanzoni utanywa saa tano na wa mwisho saa nne. Tofauti imebaki saa moja badala ya nne. Udongo ni ule ule na mfereji ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo.

Ndiyo maana wataalamu wa umwagiliaji wana kanuni ya robo: maji yafike mwisho wa shamba ndani ya robo ya muda ambao udongo unahitaji kuyanywa. Ukihitaji saa nne, yafike kwa saa moja. Ukihitaji saa mbili, yafike kwa nusu saa. Huhitaji chombo chochote kuipima. Simu uliyonayo mfukoni ina saa.

Karibu kila uboreshaji wa umwagiliaji wa kutiririsha, uwe wa ng'ombe na ubao au wa trekta yenye mwanga wa leza, una shabaha hiyo moja: kupunguza tofauti ya muda kati ya kichwa cha shamba na mkia wake.

Kusawazisha kwanza

Hakuna kazi inayolipa kama kusawazisha, na hakuna inayodharauliwa kama hiyo. Chukua jaruba la robo eka, takriban mita za mraba 1,000. Kwa eneo hilo, kila milimita moja ya maji ni kama lita 1,000, na kila sentimita ni lita 10,000. Iwapo pembe moja iko juu ya nyingine kwa sentimita 10, na unataka pembe ya juu ifunikwe na sentimita 5 za maji, pembe ya chini itakuwa na sentimita 15. Wastani wa jaruba zima ni sentimita 10. Umejaza sentimita 5 zaidi ya ulizohitaji, yaani lita 50,000, ili tu kuifikia pembe moja. Na hapo bado miche ya pembe ya chini imezama, ile ya juu imezungukwa na magugu, na mbolea imejikusanya upande mmoja.

Kusawazisha jaruba la mpunga hakuhitaji mashine ya leza, ingawa mahali zilipo zinafanya kazi nzuri mno. Ingiza maji kidogo baada ya kulima, na vilima vitajitokeza vyenyewe juu ya maji. Hivyo ndivyo vya kukwangua na kupeleka kwenye mabonde kwa ubao unaovutwa na maksai au kwa pawatila. Kwa shamba kavu, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji na kufungwa kwenye vijiti viwili, utakuonyesha tofauti ya urefu kati ya sehemu mbili, kama mafundi ujenzi wanavyofanya. Jaruba likiwa kubwa kiasi kwamba kulisawazisha kunataka kuhamisha udongo mwingi, ligawe. Majaruba mawili madogo yaliyo sawa ni bora kuliko moja kubwa lililoinama.

Kwa mifereji ya matuta hatutaki usawa kamili. Tunataka mteremko mdogo usiobadilika. Mwongozo wa kawaida ni kati ya sentimita 5 na sentimita 50 kwa kila mita 100. Chini ya hapo maji ya mvua hayatoki, juu ya hapo yanabeba udongo. Huko Kasulu na Buhigwe, kwenye miteremko, kosa ninalolichukia kuliko yote ni kuchora mfereji ukishuka moja kwa moja na mlima. Maji yanakimbia, kichwa kinachimbika, mkia unajaa mchanga, na baada ya misimu michache rutuba imehamia mtoni. Mfereji unatakiwa ukate mteremko, ufuate kontua, yaani mstari wa sehemu zenye kimo kimoja, na uwe mfupi.

Urefu wa mfereji nao hutegemea udongo, na hapa desturi zetu zinahitaji kutazamwa upya. Udongo wa kichanga hunywa zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu milimita 10 hadi 20, na mfinyanzi milimita 1 hadi 5 tu. Kwenye kichanga, mfereji mrefu haufai: maji yanamezwa yote kabla ya kufika mwisho. Ukate uwe mfupi, mita 30 au 40, na upeleke maji kwa tawi dogo hadi katikati ya shamba. Kwenye mfinyanzi, mfereji unaweza kuwa mrefu zaidi bila hasara kubwa.

Mbuga zetu, ule udongo mweusi wa Igunga na Nzega unaopasuka kiangazi, zina tabia mbili ndani ya siku moja. Zikiwa zimekauka na kupasuka, maji ya kwanza huzama kwenye nyufa kwa kasi ya kutisha. Kisha udongo unavimba, nyufa zinafunga, na unywaji unashuka hadi ule wa mfinyanzi. Anayeona maji yanatoweka saa ya kwanza huongeza mengi kwa hofu, halafu yanasimama siku nzima na mizizi ya nyanya inakosa hewa. Kwenye mbuga tatizo la maji kusimama huwa kubwa kuliko la maji kuzama. Mfereji wa kutolea maji upande wa chini ni wa lazima, tena uchimbwe kabla ya ule wa kuingizia. Palipo na maji yaliyosimama muda mrefu, maji ya ardhini hupanda, jua linayavuta juu, na chumvi yake inabaki juu ya udongo kama unga mweupe. Ardhi ikifika hapo, kuirudisha ni gharama na miaka.

Anza kwa nguvu, malizia kwa upole

Njia ya pili ya kuongeza mwendo ni kucheza na wingi wa maji. Wakulima wengi hufungua maji kidogo kwenye mifereji yote kwa pamoja, wakidhani huko ndiko kubana matumizi. Matokeo yake ni maji yanayotambaa polepole na kichwa kinachozama. Fungulia mifereji michache kwa nguvu, yakifika mwisho punguza, na yaliyobaki yapeleke kwenye mifereji mingine. Nguvu hiyo ina mipaka, kwa sababu maji mengi hukata udongo. Kanuni rahisi ni kugawanya 0.6 kwa asilimia ya mteremko. Mteremko wa sentimita 50 kwa mita 100 ni asilimia 0.5, kwa hiyo mfereji mmoja usipewe zaidi ya lita 1.2 kwa sekunde. Utajuaje? Kinga kwa ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 20, ni lita moja kwa sekunde.

Mwaka 1979, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani, Stringham na Keller, walieleza mbinu inayoshangaza kwa urahisi wake: badala ya kuacha maji yatiririke mfululizo, yafungulie kwa muda, yafunge, kisha yafungulie tena. Yakifungwa, chembe laini za udongo hutulia na kuziba vitundu vya juu. Maji ya awamu ya pili hupita haraka juu ya sehemu iliyokwisha lowa na kuwahi kufika mbele. Huko Marekani hufanywa kwa malango yanayojiendesha. Hapa kwetu mtu mmoja mwenye koleo anaweza kuhamisha maji kati ya makundi mawili ya mifereji kila baada ya nusu saa. Inafaa zaidi kwenye kichanga na tifutifu. Kwenye mbuga iliyokwisha vimba, faida yake ni ndogo.

Kwa mbuga ninapendelea njia nyingine: kumwagilia mfereji mmoja na kuruka unaofuata, kisha zamu ijayo kubadilisha. Mfinyanzi husambaza unyevu kwenda pembeni, kwa hiyo kila tuta linapata maji kutoka upande mmoja. Kwenye kichanga usijaribu, maji yatashuka moja kwa moja chini na tuta litabaki kavu.

Kiasi gani, na lini

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili, na ajabu ni kwamba hesabu yake ni ya darasa la saba. Maji yanayoingia kwa sekunde, mara muda, gawanya kwa eneo. Tuseme mlango wako unatoa lita 10 kwa sekunde na shamba ni robo eka. Kwa saa moja zinaingia lita 36,000, sawa na milimita 36 hivi. Ukitaka milimita 50, ni saa moja na dakika 25. Sasa mfikirie aliyefungulia maji saa mbili usiku, akaenda kulala, akarudi saa kumi na mbili alfajiri. Saa kumi hizo zimemwaga zaidi ya milimita 350 kwenye robo eka. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya mvua yote ya mwaka hapa Tabora, kwa usiku mmoja.

Udongo hauna pa kuziweka. Kwa kila mita moja ya kina, kichanga hushika milimita 25 hadi 100 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, tifutifu 100 hadi 175, mfinyanzi 175 hadi 250. Na mizizi ya kitunguu haifiki mita, wala nusu yake kwa mashamba mengi. Kinachozidi hapo si akiba.

Kupima kama maji yametosha, chukua kipande cha nondo nyembamba, urefu wa mita moja, na siku moja baada ya kumwagilia kidunge ardhini mwanzoni, katikati na mwisho wa shamba. Kwenye udongo uliolowa kinashuka kwa mkono, kikikuta ukavu kinagoma. Kikizama chote mwanzoni na kugoma sentimita 15 mwishoni, umepata ramani ya tatizo lako. Kujua siku ya kumwagilia tena, chimba hadi kwenye mizizi, chukua udongo, ukamate kiganjani: ukishindwa kushikamana kwenye tifutifu, umechelewa.

Vipo pia vifaa vidogo vinavyoonyesha unyevu kwa rangi, buluu kwa udongo uliolowa, kijani kwa wa wastani, nyekundu kwa mkavu. Vilijaribiwa na wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa katika mradi ulioanza mwaka 2013. Kilichotokea Kiwere kinafundisha: wakulima waliokuwa wakimwagilia mara kwa mara waliona taa zikibaki buluu siku nyingi kuliko walivyodhani, wakapunguza idadi ya zamu. Hakuna aliyewaamuru. Waliona wenyewe.

Mpunga hauogelei

Imani ngumu kuliko zote ni kwamba mpunga ni mmea wa majini na jaruba likikauka siku moja mavuno yamekwenda. Mpunga huvumilia maji kuliko mazao mengine, lakini hauyahitaji yasimame msimu mzima. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, imekuwa ikieneza utaratibu wa kulowesha na kukausha kwa kupokezana, unaoweza kupunguza maji hadi asilimia 30 bila kushusha mavuno. Unahitaji kipande cha bomba chenye urefu wa sentimita 30, kitoboe matundu, kizamishe nusu ardhini, toa udongo uliomo ndani. Wiki moja au mbili baada ya kupandikiza, acha maji ya juu yapotee, na chungulia bombani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya ardhi, jaza tena hadi sentimita 5. Kipindi cha kuchanua, kuanzia wiki moja kabla hadi wiki moja baada, usikaushe kabisa.

Nina tahadhari mbili kwa wenzangu wa mbugani. Usisubiri udongo upasuke, maana nyufa zitameza yote uliyookoa. Na wiki za mwanzo maji yaliyosimama ndiyo yanayozuia magugu. Anayetaka kukausha mapema awe na nguvu ya palizi.

Je, matone hayana nafasi? Yana nafasi, tena kubwa, kwenye shamba dogo la kichanga lenye vitunguu au nyanya, hasa pale maji yanapovutwa kwa pampu na kila lita ina bei. Kwenye udongo ule, kutiririsha kiasi kidogo mara kwa mara ni vigumu hata kwa fundi. FAO huyapa matone asilimia 90, dhidi ya zile 60 za kutiririsha. Lakini asilimia hiyo inataka chujio safi, shinikizo la kutosha na mtu wa kufungua mirija iliyoziba. Mabomba yaliyoziba yana faida ndogo kuliko mfereji uliosawazishwa, na kwa jaruba la mpunga hayafai kabisa.

Yapo pia mabishano ya wasomi, kwamba maji yanayozama hayapotei kwa sababu hurudi mtoni. Yana ukweli kutegemea ulipo. Maji ya Igombe na Ugalla huelekea Malagarasi, na pale kati kuna ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza nchini. Sehemu ya yanayozama upande huo huweza kumfaa mwingine. Upande wa Manonga na Wembere, maji yanaelekea Ziwa Kitangiri na hatimaye Eyasi, ziwa la chumvi lisilo na mlango wa kutokea. Kwa wa Igunga, kilichopita bila kulisha mmea hakirudi. Na pande zote mbili mbolea iliyozama imezama.

Limebaki suala la zamu, ambalo huamua kama haya yote yatafanyika. Mkulima anayezidisha maji mara nyingi si mjinga. Hana hakika na zamu ijayo. Ameahidiwa Jumanne, maji yamefika Ijumaa, na wa mkiani hayakufika kabisa. Akiyapata, atayafungulia mpaka tuta lipasuke, na mimi ningefanya vile vile. Kwa hiyo umoja wa wamwagiliaji unaotaka wanachama wabane maji hauna budi kuanza na ratiba inayoaminika, iliyoandikwa ukutani, na inayotaja saa za kila tawi badala ya siku tu. Kwenye kila lango la kugawia paandikwe alama za kina kwenye ukuta wa zege, ili wa mkiani aone kwa macho yake kinachopita juu. Umoja uwe pia na kibali cha kutumia maji, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavyotaka. Kwa Kigoma na sehemu kubwa ya Tabora ofisi ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma, na kwa Igunga ni Bonde la Kati lenye ofisi Singida.

Kwa mwenye fedha kidogo baada ya mavuno, mpangilio wangu ni huu: achimbe mfereji wa kutolea maji, asawazishe, afupishe mifereji midogo kama udongo ni wa kichanga, anunue nondo na ndoo ya kupimia. Fedha ikibaki, ajengee mlango wake wa maji kwa matofali, ili aweze kuufunga kwa wakati.